Hesabu ya Miguu

Shufaa ameamka na mstari mwekundu shingoni,
malengelenge yamepangana kama shanga zilizoungua,
na kabla chai haijachemka
nyumba nzima imeshatoa hukumu:
amekojolewa na buibui.

Bi Mwanakheri amepanda ngazi zetu za Kuze akihema,
dawa ya meno mkononi, ufagio kwapani.
"Yuko wapi? Yuko wapi huyo mdudu?"
Naye yuko pale pale alipo tangu Ramadhani,
juu ya mlango wa choo,
bapa, rangi ya chai ya maziwa,
miguu imetandazwa kama vidole vya mtu anayekataa.

Ngojeni, nikasema.
Mimi ni mshonaji. Siamini nisichokipima.
Nikapanda kigodani, tepu ingali shingoni,
nikahesabu kwa sauti hadi nane.
Siafu ana sita. Mende sita.
Nzi, hata yule aliyezama jana kwenye shira, sita.
Wao wamekatwa vipande vitatu, kichwa, kifua, tumbo;
huyu viwili tu, kichwa kimeungwa na kifua
na fundi asiyeacha mshono.
Hana vipapasio. Hana bawa, wala hatakuwa nalo.
Macho manane,
na bado haoni sababu ya makelele yetu.

"Mdudu ni mdudu," akasema Bi Mwanakheri.
Na lugha iko upande wake, nakiri.
Aliye ndani ya unga, mdudu.
Aletaye homa, mdudu.
Hata mwanangu akivunja glasi, mdudu wee!
Lakini mwaka wa kumi na tisa huu nashona buibui,
nyeusi, za hariri na za kawaida,
na najua jina moja laweza kubeba vitu viwili
visivyopeana hata salamu.

Huyu hategi wavu. Huwinda kwa miguu.
Ule uzi wa vumbi unaoning'inia kwenye feni
ni wa jamaa yake mwembamba, wa pembeni kule.
Uzi wake yeye aliuweka kwa jambo moja:
mfuko wa mayai, mweupe, mviringo kama kifungo,
niliomwona kaukumbatia chini ya kifua
siku baada ya siku,
asiuweke chini hata kidogo.
Usiku umeme ukikatika
nasikia mbawa za mende zikipapatika, kisha kimya.
Sumu anayo, sikatai. Sumu ya kumtosha mende.
Ukimbana ndani ya kiatu atakuuma,
nawe ungebanwa ungefanyaje?
Lakini apande kitanda, achague shingo ya mtoto, akojoe,
kisha arudi mlangoni kungoja ufagio?

Nikainua mto wa Shufaa.
Chini yake, kapondwa,
mdogo kama punje ya pishori,
mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi.
Masika ndiyo iliyomleta, na taa ikamwita,
ile tunayoiacha ikiwaka
kwa kuwa Shufaa anaogopa giza.
Hakung'ata. Hakuchoma. Alitambaa tu,
na mkono wenye usingizi ukamsaga,
maji yake yakaandika mstari.
Nikamgeuza kwa ncha ya sindano.
Haya, hesabuni.

Shemeji Twaha akainama, midomo ikicheza.
"Sita," akasema, kama mtu anayelipa deni.

Tukamwosha mtoto kwa sabuni na maji mengi.
Dawa ya meno ikarudi kwenye kopo lake.
Pole ya buibui hakuna aliyeitoa.
Bi Mwanakheri alisimama chini ya mlango ule
muda mrefu kuliko alivyokusudia.
"Yule wa pangoni, aliyemsitiri Mtume,
alikuwa mwenye utando," akasema. "Si kama huyu."
Si kama huyu, nikaitikia.

Kisha akalitwaa buibui lake kwenye msumari,
akalikung'uta mara mbili,
akatazama ndani ya mikono,
ndipo akalivaa.